Mjadala: Mkulima Akienda Bungeni, Shamba Lake Analima Nani?

Marekani haina bunge moja. Mbali na lile la Washington, kila moja kati ya majimbo yake 50 lina bunge lake, na ndilo linalotunga sheria za shule, barabara, ardhi, maji, umeme na magereza. Wajumbe wa mabunge hayo kwa jumla wanazidi 7,300, na wengi wao hawajulikani nje ya wilaya walikotoka. Wamo wanaotoka mashambani kabisa: mkulima wa ngano, mfugaji, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye bucha. Katika majimbo mengi huhudhuria bunge kwa wiki au miezi michache, kisha hurudi kwenye shughuli zao. Ubishi juu yao ni wa siku nyingi: mtu huyu alipwe mshahara wa kutosha ili ubunge uwe kazi yake, au abaki mkulima anayekwenda bungeni kwa posho?

Swali hilo tumeliweka mbele ya sauti tatu. DIWANI aliongoza kata ya vijijini, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. MWALIMU alifundisha historia na uraia sekondari mpaka alipostaafu. WAKILI ni binti wa mjini anayefuatilia sheria za uchaguzi. Mfano wao mkuu ni Montana, jimbo la kaskazini magharibi mwa Marekani lenye ukubwa wa zaidi ya theluthi moja ya Tanzania, lakini watu wake ni milioni moja na ushee tu.

DIWANI: Naomba nianze, kwa kuwa kazi hii nimeifanya. Msimamo wangu hauna kona: mwakilishi wa kijijini abaki mwanakijiji. Mvua ikigoma, igome na kwake. Bei ya mbolea ikipanda, imuumize na yeye. Siku atakapoanza kuishi kwa mshahara wa bunge peke yake, ataanza kulinda mshahara kabla ya kulinda watu.

Mchukueni Jon Tester. Alizaliwa mwaka 1956, akakulia nje ya Big Sandy, kimji cha watu kama 600, kwenye shamba lililofunguliwa na babu na bibi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusaga nyama ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Alisomea muziki chuoni, akafundisha muziki shule ya msingi pale pale Big Sandy, akarudi kulima shamba la familia, akachinja na kuuza nyama, akaingia kwenye bodi ya shule. Mwaka 1998 akagombea Seneti ya jimbo, mojawapo ya vyumba viwili vya bunge lake, akashinda. Kilichomsukuma ni umeme. Mwaka mmoja kabla, bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuondoa udhibiti wa bei ya umeme, naye aliona wazi kwamba mzigo utamwangukia mwananchi. Mwaka 2005 wenzake wakamfanya Rais wa Seneti hiyo, na 2006 wananchi wakampeleka Seneti ya taifa. Miaka yote hiyo hakuacha kulima ngano, shayiri na dengu. Huyo ndiye ninayemsema.

WAKILI: Shikamoo nimeshakupa, Mheshimiwa, sasa niruhusu nibishe. Umetusimulia maisha ya mtu hodari, lakini swali lililoko kwenye kichwa cha mjadala umeliruka. Tester akiwa Helena, makao makuu ya jimbo, kilomita zaidi ya 250 kutoka shambani kwake, huko nyumbani alibaki nani?

DIWANI: Mkewe. Walilima pamoja.

WAKILI: Basi tumeshampata mtu mmoja anayelipia huu ubunge wa bei nafuu, na jina lake halimo kwenye karatasi ya kura. Tuangalie na kalenda. Bunge la Montana hukutana mara moja tu kila miaka miwili, katika miaka ya namba witiri, kuanzia Januari, kwa siku zisizozidi 90. Kwa mkulima wa ngano ratiba hiyo inavumilika. Januari shamba limefunikwa na theluji, na ngano iliyopandwa Septemba inasubiri kuvunwa Julai au Agosti. Lakini mfugaji je? Ng'ombe wa Montana huzaa kati ya Februari na Aprili, kwenye baridi ya kuganda, na ndama asipohudumiwa usiku ule ule amekufa. Mfugaji mwenye vibarua wa kutosha atakwenda Helena. Mfugaji mdogo anayezalisha ng'ombe kwa mikono yake hawezi. Kabla mpiga kura hajachagua, kalenda imeshachagua.

MWALIMU: Hapo umegusa penyewe, mwanangu. Na hata posho ina hadithi yake. New Hampshire ina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 400, na katiba ya jimbo iliwapangia dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1889, na hakijaongezwa. Texas inawalipa wabunge wake dola 600 kwa mwezi tangu 1975. Nebraska, yenye bunge la chumba kimoja na wajumbe 49, inalipa dola 12,000 kwa mwaka. Nenda New York sasa, tangu Januari 2023 mbunge wa jimbo anapata dola 142,000 kwa mwaka. Nchi moja, cheo kimoja, tofauti kama usiku na mchana.

WAKILI: Na dola 200 za New Hampshire zinamleta nani bungeni? Mstaafu mwenye pensheni, mwenye biashara inayojiendesha, au mtu anayelishwa na mwenzi wake. Mama wa miaka 35 mwenye watoto wadogo na kazi ya dukani hawezi kumwambia mwajiri wake, "Nakwenda kutunga sheria, nitarudi wiki ijayo." Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukisema bunge la wananchi wa kawaida, niulize: wananchi wepi?

DIWANI: Wakili, posho naijua kuliko wewe. Sisi madiwani wa Tanzania tunaishi kwa posho, wakati wenzetu wa wodi za Kenya wanalipwa mshahara tangu kaunti zilipoanza 2013. Nilikuwa napokea posho asubuhi, jioni imekwisha kwenye msiba, kwenye harusi na kwenye karo ya mtoto wa jirani. Lakini hiyo shida ndiyo iliyonifanya nisijione bwana mkubwa. Ukimlipa mtu vizuri sana, unamtengenezea kitu cha kuogopa kukipoteza. Na mtu mwenye hofu haongei ukweli.

MWALIMU: Mheshimiwa, mtu mwenye njaa naye haongei ukweli. Historia ya Montana yenyewe inalisema hilo. Mwishoni mwa karne ya 19, maseneta wa Washington walikuwa hawachaguliwi na wananchi, walichaguliwa na mabunge ya majimbo. William Clark, tajiri wa migodi ya shaba, alikitaka kiti hicho. Januari 1899 mjini Helena, seneta wa jimbo aitwaye Fred Whiteside, kutoka Flathead, alitoa hadharani bahasha zenye noti za jumla ya dola 30,000. Akasema ndizo pesa za kununulia kura, yake na za wenzake. Badala ya kupewa mkono wa pongezi aliitwa mwongo, na kiti chake akakipoteza katika ubishi wa hesabu za kura. Clark akachaguliwa. Kamati ya Seneti huko Washington ikachunguza na kuona uchaguzi ule umenuka, naye akajiuzulu Mei 1900. Unadhani aliishia hapo? Mwaka 1901 bunge jingine la Montana lilimchagua tena, na safari hii alikaa kipindi kizima.

Watu waliouza kura zile hawakuwa wageni. Wengi walikuwa wakazi wa maeneo yao, waliojua bei ya mbegu na kina cha visima. Ujirani haukuwazuia kupokea bahasha.

DIWANI: Lakini malizia habari yote, Mwalimu. Waliokasirika ni nani? Ni wananchi hao hao. Mwaka 1912 walipiga kura wenyewe, bila kulisubiri bunge, wakapitisha sheria ya kuyazuia makampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi. Sheria hiyo ilidumu miaka 100, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoizima mwaka 2012. Kwa hiyo uadilifu ulitoka mashambani na migodini.

Na mkitaka kunionyesha kwamba mshahara mnono unasafisha, nitawapeleka New York. Sheldon Silver alikuwa Spika wa baraza la bunge la jimbo hilo kwa miaka zaidi ya 20. Wakati wake mbunge alilipwa dola 79,500 kwa mwaka, na kazi ya uwakili ilimruhusu kupata nyingine nje. Mwaka 2015 alitiwa hatiani kwa rushwa, hukumu ikatenguliwa, kesi ikarudiwa 2018, akatiwa hatiani tena, na akafariki 2022 akiwa bado anatumikia kifungo. Huyo hakuwa na njaa.

WAKILI: Nakubali, mshahara si sabuni. Lakini hoja yangu haiko kwenye bahasha. Bahasha ni mambo ya 1899. Leo mbunge mdogo hapewi noti, anapewa muswada ulioandikwa tayari.

Tuone kikao cha Montana kinavyokwenda. Vikao vya karibuni huletewa miswada zaidi ya 1,000, na siku ni 90. Seneta au mwakilishi hana msaidizi wake binafsi, hana mtafiti wake, hana karani wake. Ipo idara ya wataalamu wa bunge wasiofungamana na chama chochote, wanaoandika miswada na kufanya utafiti, nao wanaheshimika. Lakini hao wanawahudumia wajumbe 150, yaani 100 wa Baraza la Wawakilishi na 50 wa Seneti. Kwenye ukumbi wa nje wamesimama washawishi wa makampuni ya umeme, madini, bima na benki, na wao hawana haraka ya kurudi kuzalisha ng'ombe. Wana takwimu, wana wanasheria, wana maneno yaliyopangwa. Tangu 1973 kuna jumuiya iitwayo ALEC, inayowakutanisha wabunge wa majimbo na makampuni na kuwapa miswada ya mfano, kazi ya mbunge ikawa kujaza jina la jimbo lake. Mtafiti Alexander Hertel-Fernandez amechunguza miswada hiyo na kuona kwamba inachukuliwa zaidi na wabunge wasio na muda na wasio na wasaidizi. Mkono mtupu haulambwi, Mheshimiwa, na kichwa kisicho na taarifa hulambishwa chochote.

Sasa rudi kwenye umeme wa Tester. Sheria ile ya 1997 ilipitishwa na nani? Na bunge lile lile unalolisifu, la wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaokutana siku 90. Kampuni ya Montana Power iliitaka, ikaipata. Baadaye ikauza mabwawa na mitambo yake ya kuzalisha umeme, ikaingia kwenye biashara ya nyaya za mawasiliano, na kufikia 2003 kampuni iliyozaliwa humo ilikuwa imefilisika. Bei ya umeme kwenye soko ilipopaa, mgodi wa shaba wa Butte ulisimamisha kazi mwaka 2000, na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Hasira iliyomtoa Tester shambani ilitokana na kosa la bunge la aina yako.

DIWANI: Umenibana, sikatai. Lakini na wewe utazame upande wa pili wa kisa. Aliyelikemea kosa hilo alitoka bungeni? Hapana, alitoka Big Sandy. Bunge la muda mfupi lina mlango wa kuingilia. Mkulima mwenye hasira ya haki anaweza kugombea mwaka unaofuata akashinda kwa kugonga milango ya majirani. Kwa sensa ya 2020, mwakilishi mmoja wa Montana anasimamia watu wapatao 10,800, na seneta mmoja watu wapatao 21,700. Hiyo ni idadi ambayo mtu anaweza kuizungukia kwa gari lake. Huko kwenye mabunge yenye mishahara minono, kampeni nazo ni za fedha nene, na mkulima hafiki hata kwenye kizingiti. Mcheza kwao hutunzwa, na Tester alitunzwa kwa kuwa alikuwa akicheza kwao.

MWALIMU: Watu 10,800 ni wachache mjini, Mheshimiwa, lakini mashariki mwa Montana ni safari. Kaunti ya Petroleum ilihesabiwa kuwa na watu wasiofika 500 mwaka 2020. Ili upate watu wa kutosha kiti kimoja, inabidi uunganishe kaunti baada ya kaunti. Mwakilishi wake anaendesha gari saa kadhaa akutane na watu 20 kwenye ukumbi wa shule, kisha saa kadhaa kurudi.

Zamani haikuwa hivyo. Mpaka miaka ya 1960, kila kaunti ya Montana, na ziko 56, ilikuwa na seneta wake mmoja. Petroleum yenye watu chini ya 1,000 ilikuwa na seneta mmoja, na Yellowstone yenye mji wa Billings na watu zaidi ya 75,000 ilikuwa na seneta mmoja. Ndipo Juni 1964 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, iliyotoka Alabama. Jaji Mkuu Earl Warren akaandika kwamba wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Tangu hapo vyumba vyote viwili vya bunge la jimbo lazima vigawanywe kwa idadi ya watu.

DIWANI: Na hapo ndipo vijiji vilipoanza kufifia. Ekari hazipigi kura, sawa. Lakini ekari ndizo zinazolisha miji. Barabara ya kijijini ina urefu ule ule hata wakazi wakibaki kumi, na daraja likivunjika halihesabu watu. Ukigawanya viti kwa vichwa tu, anayekaa mbali atapata nusu ya sauti na maradufu ya mwendo.

WAKILI: Mheshimiwa, tusimame Alabama kidogo, kwa sababu kijiji si neno lisilo na mwenyewe. Katika kesi ile, Kaunti ya Jefferson, yenye jiji la Birmingham na watu zaidi ya 600,000, ilikuwa na seneta mmoja. Kaunti ya Lowndes, ya mashambani, yenye watu 15,417, nayo ilikuwa na seneta mmoja. Utasema: safi, kijiji kimepewa sauti. Lakini wakazi wengi wa Lowndes walikuwa Weusi, wakulima wa kugawana mazao kwenye ardhi ya Wazungu, na mpaka mwanzo wa 1965 hakuna hata Mweusi mmoja aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura huko. Sauti ile kubwa ya kijiji ilikuwa ya wenye mashamba. Aliyekuwa akishika jembe hakuwa na seneta.

Kwa hiyo ninapomwona mtu anasema "mimi ni mwakilishi wa vijijini," sitosheki na buti zake zenye matope. Nauliza: kijijini kwako umechaguliwa na nani, na nani amezuiwa?

MWALIMU: Swali hilo ni zito, na jibu lake zuri limetoka kaskazini zaidi, Alaska. Willie Hensley alizaliwa mwaka 1941 Kotzebue, juu ya mstari wa Aktiki, katika jamii ya Wainupiati wanaoishi kwa kuvua na kuwinda. Akiwa kijana wa miaka 15 alipelekwa shule ya bweni Tennessee, mbali kabisa na kwao, baadaye akasoma chuo kikuu Washington. Mwaka 1966, katika somo la sheria ya katiba, aliandika insha kuhusu haki za wenyeji wa Alaska juu ya ardhi yao. Aligundua kwamba ardhi ile haijawahi kuuzwa wala kutwaliwa kisheria kutoka kwa wenyewe, na serikali ya jimbo ilikuwa mbioni kujigawia. Mwaka huo huo akagombea Baraza la Wawakilishi la Alaska akashinda, akashiriki kuunda umoja wa wenyeji wa jimbo zima, kisha akawa anasafiri kati ya kijijini, Juneau na Washington. Na Juneau, makao makuu ya Alaska, haina barabara inayoiunganisha na jimbo lingine lote. Unafika kwa ndege au kwa meli.

Mafuta yalipogunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968, kila mtu akawa na haraka na ardhi ile. Desemba 1971 Rais Nixon akatia saini sheria iliyowapa wenyeji hekta zipatazo milioni 17.8 na fidia ya dola milioni 962.5, chini ya makampuni yanayomilikiwa na wenyeji wenyewe. Hensley hakuipata peke yake, na wapo wenyeji waliolalamika kwamba walichosamehe ni kingi kuliko walichopewa. Lakini angalieni alichobeba kwenda nacho bungeni. Alikijua kijiji, na alikuwa ameisoma sheria. Kimoja bila kingine kisingefua dafu.

DIWANI: Kumbe unakubaliana nami, Mwalimu! Alitoka kijijini.

WAKILI: Anakubaliana nami pia, Mheshimiwa. Alikuwa amesoma, alikuwa na muda, alikuwa na umoja nyuma yake.

MWALIMU: Msigombanie mzee. Kuna jambo moja hamjaligusa, nalo ni muda. Mwaka 1992 wananchi wa Montana walipiga kura kuweka ukomo: mtu asikae kwenye chumba kimoja cha bunge zaidi ya miaka 8 katika kila miaka 16. Wazo lilikuwa lile lile la Mheshimiwa, mtu aende, atumikie, arudi shambani. Tester aliingia Januari 1999. Alipoupata urais wa Seneti mwaka 2005, alikuwa kwenye kikao chake cha nne, na ndicho cha mwisho. Kwenye kikao hicho alisimamia sheria ya kuyataka makampuni makubwa ya umeme yapate asilimia 15 ya umeme wao kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2015. Alipoanza kuujua mlango wa kila ofisi, muda ukawa umekwisha.

WAKILI: Na sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2021, na bunge ambalo wajumbe wake waliokuwapo 2005 walikuwa wa kuhesabika. Mbunge anafunzwa, anaondoka. Mshawishi wa kampuni hana ukomo, yuko pale pale miaka 30, anawapokea wapya na kuwaonyesha choo kilipo. Nani basi anabeba kumbukumbu ya bunge?

DIWANI: Lakini bila ukomo utapata wazee wanaozeeka vitini kama vile wamerithi. Hilo nimeliona kwa macho. Na Tester mwenyewe aliposhindwa kubaki Seneti ya jimbo, hakulia. Alikwenda juu zaidi, akakaa Washington miaka 18, mpaka wapiga kura walipomwondoa mwaka 2024.

MWALIMU: Kuondolewa kwake kunatupa somo jingine. Montana ya enzi zile iliweza kumpigia kura rais wa chama kimoja na jirani wa chama kingine siku hiyo hiyo. Leo mpiga kura wa kijijini anasikiliza mabishano ya taifa zima kutwa kucha, na karatasi yake anaijaza chama kizima kutoka juu hadi chini. Jirani anayelima nawe na kukufahamu anaanguka kwa sababu ya chama chake, na mgeni anapanda kwa sababu hiyo hiyo. Hapo si mshahara wala kalenda inayoamua. Ujirani umepungua thamani.

DIWANI: Basi hilo ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa naamini ukimjua mtu, unamchagua mtu.

WAKILI: Mheshimiwa, tumekujia mbio sana leo, lakini niseme ukweli: bunge lisilo na mtu wa aina yako ni bunge la mawakili kama mimi, na hilo nalo silitaki. Ninachokataa ni kumtuma mtu vitani mikono mitupu, kisha tumsifu kwa umaskini wake.

DIWANI: Na mimi ninachokataa ni mtu apewe silaha, ashibe, asikumbuke vita ilikuwa ya nani. Lakini mlipeni, nimekubali. Alipwe kiasi cha kumwezesha kuajiri kibarua shambani akiwa bungeni. Si zaidi ya hapo.

MWALIMU: Na apewe mtafiti asiyelipwa na kampuni yoyote. Mimi namalizia hapo.

Mwandishi wa makala haya naye ana msimamo. Wanaotetea ubunge usio na malipo huuita sadaka, lakini gharama yake haipotei. Hulipwa na mke anayebaki shambani, na wasioweza kugombea kabisa, na mwananchi atakayelipa bili ya sheria iliyoandikwa na kampuni. Kumjaza mbunge mshahara nako hakuleti uadilifu, New York imeonyesha. Montana ya 1899 na Montana ya 1997 zinasema jambo moja: mwakilishi wa mashambani haangushwi na ushamba wake, huangushwa na upweke wake mbele ya watu wenye fedha na taarifa. Alipwe fidia halali ya muda wake, apewe wataalamu wa umma wa kumsaidia kusoma kila kifungu, na vikao vibaki vifupi vya kumrudisha kwa watu wake. Nawe msomaji, mgombea wa kijijini kwenu akija kuomba kura, usiishie kumwuliza anatoka ukoo gani. Mwulize anaishi kwa kipato gani, nani atamwandikia hoja zake, na atakaporudi kutoka bungeni atakaa wapi.